Jumapili Aliyonyamaza Kalume

Siku ya kwanza ya muhula wa pili, saa ya chakula cha mchana, bwalo la chuo kile kidogo cha Saint Paul lilikuwa limefurika wanafunzi mpaka mlangoni. Makoti mazito yamerundikwa juu ya viti, viatu vinachuruza maji ya theluji, na kila mtu anampigia mwenzake kelele za likizo. Gentille alikuwa kwenye foleni, sinia mkononi, amevaa sweta ya rangi ya haradali na kilemba chekundu alichofungiwa na mama yake asubuhi ile. Njaa ilimuuma na hakuwa na habari na mtu. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye koti ambalo bila shaka lilikuwa la mtu mwingine, maana mikono yake ilikuwa imeishia njiani. Kijana alichungulia ndani ya sufuria kubwa iliyowekewa kibao cha kusema kwamba humo mna mchuzi wa Afrika Mashariki.

"Jamani," akajisemea kwa sauti ya chini, "mchuzi una zabibu."

Kicheko kilimponyoka Gentille kabla hajakikamata. Kijana akageuka.

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa wewe na zabibu zako."

"Hebu niambie ukweli basi. Kwenu hutiwa zabibu?"

"Kwetu? Maman akiona hii atalia."

"Kwenu ndiyo wapi?"

"Brooklyn Center. Zamani Kongo, lakini nililetwa huku nikiwa mtoto. Naitwa Gentille."

"Mimi Kalume, wa Kilifi." Akamtazama kilemba, akatazama sufuria, akamtazama tena kilemba. "Gentille, nakushauri tule mkate."

Wakala mkate na siagi, wakiwa wamebanwa kwenye kona ya meza ya watu wasiowajua. Kalume alizungumza Kiswahili kile cha pwani kinachoteleza, na Gentille, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha Kivu kilichochanganyika na Kifaransa cha mama yake na Kiingereza cha shule za Minnesota, alijikuta anasema polepole ili asichekwe. Kalume hakumcheka. Alimwuliza maneno, na kila alipopata jipya alilirudia kama mtu anayeonja.

Mchana ule ule Gentille akaingia darasa la falsafa, na aliyekaa ng'ambo ya meza alikuwa yeye.

Chuo kile kina mambo yake. Hata ukisoma biolojia, kama Gentille, au hesabu, kama Kalume, lazima upite kwanza kwenye falsafa, au ngoma, au ufinyanzi, ndipo wakuachie shahada yako. Papa Janvier, baba yake Gentille, hakuwahi kulielewa jambo hilo. "Bon," alikuwa akisema, "unataka kuwa nesi. Sasa hiyo falsafa ndiyo itamchoma mgonjwa sindano?" Na darasa lenyewe si la kukaa nyuma na kujificha. Wanafunzi wachache huizunguka meza moja, mwalimu naye anakaa pamoja nao kama mgeni, na mwenye kunyamaza anahesabiwa kana kwamba hakuja. Gentille alilelewa akifundishwa kwamba mtoto mwenye adabu hasemi wakubwa wanapozungumza. Basi kila kipindi alikaa pale na mawazo mazuri kichwani na mdomo umefungwa, na alama zake zinashuka huku anaziona.

"Sema jambo moja tu," Kalume alimwambia siku moja wakitoka. "Kila kipindi, jambo moja. Hata likiwa swali."

"Nikikosea?"

"Mimi nitakosea baada yako, tena vibaya zaidi. Watakusahau."

Na alifanya hivyo. Gentille aliuliza swali lake huku sauti inamtetemeka, na mara Kalume akadandia akaropoka jambo la ajabu, darasa zima likamgeukia yeye. Alipomaliza kushambuliwa alimtupia Gentille jicho la wizi juu ya vitabu. Nikuambie nini, msomaji? Ni pale ndipo moyo wa binti wa watu ulipokwenda.

Kuanzia hapo walikuwa pamoja kila siku. Kalume alimsindikiza hadi kituo cha treni, baridi ikiwakata masikio, na treni ikija alimwambia apande inayofuata, na hiyo ikija alimwambia vilevile. Alimwita mpenzi kwa mara ya kwanza akiwa ameziba mdomo kwa skafu, kisha akasingizia kwamba alikuwa anakohoa. Gentille akirudi nyumbani alifungua kitabu cha anatomia na simu ikaanza kulia.

"Unafanya nini?"

"Nasoma mifupa ya mkono."

"Mkono upi?"

"Kalume, niache nisome."

"Nataja tu kwamba mkono wako wa kulia nimeuacha dakika hii na tayari nauhitaji."

Lakini furaha ile ilikuwa na mwiba ndani yake. Kalume alikuwa mwaka wa mwisho. Mwezi wa tano angevaa joho, kisha aende Texas kuendelea na hesabu zake, na Gentille angebaki na mwaka mzima mwingine mbele yake. Baba yake hakujua kama kuna kiumbe anayeitwa Kalume duniani. Gentille aliona wazi kitakachotokea: kijana akiondoka bila kujulikana nyumbani, atakuwa mwanafunzi mwenzake tu aliyemaliza masomo akaenda zake, na hata kumlilia itabidi amlilie chooni. Alitaka ajulikane. Ila kumwambia Papa Janvier uso kwa uso, "Papa, nina mtu," hilo hakuwa na ulimi wa kulisema.

Akapata njia. Kanisani kwao Brooklyn Center, wageni husimamishwa. Mgeni anataja jina lake, anasema ametoka wapi, kisha anasema nani amemleta. Na kijana akisimama akataja jina la binti, hakuna anayehitaji maelezo zaidi: kina mama wanapiga vigelegele, na baba ya binti anageuza shingo amwone vizuri. Papa Janvier alikuwa akikaa safu ya pili kila Jumapili.

"Utaulizwa nani amekuleta," Gentille alimwambia Kalume. "Utajibu, basi. Halafu utakula kwetu."

Hakumwambia kwamba wiki nzima alikuwa akiisikia sauti yake ikilijibu swali lile, akiwa darasani, akiwa kazini, akiwa anapiga mswaki.

Jumapili ikafika. Gentille alikuwa mbele na kwaya, kitenge cha bluu na njano kimemkaa kiunoni barabara, hereni mpya masikioni. Kalume alikuja kwa basi peke yake, amenyoa, amefunga tai, amekaa karibu na mlango. Mchungaji alipowaita wageni, akasimama.

"Bwana asifiwe. Naitwa Kalume. Nimetoka Kenya, nasoma kule Saint Paul."

"Karibu sana, kijana. Nani amekuleta?"

Kalume akatazama kwaya. Akatazama safu ya pili, alikokaa mzee mwenye suti ya kijivu na masikio ya Gentille.

"Nimekuja mwenyewe tu," akasema.

Watu wakapiga makofi ya adabu. "Hapa hakuna mtu wa mwenyewe," mchungaji akasema kwa furaha. "Maman Faida, leo huyu ni mgeni wako, umlishe." Maman Faida alikuwa na mabinti watatu wasioolewa, na makofi yaliyofuata hayakuwa ya adabu tena, yalikuwa ya kicheko. Kwaya ikaanza wimbo. Gentille alifungua mdomo pamoja na wenzake lakini hakikutoka kitu. Ibada ilipokwisha, kupitia dirishani, alimwona Kalume anavutwa mkono kuelekea kwenye gari, binti mmoja anamfungulia mlango, na yeye anacheka.

Jioni simu ikalia.

"Umekula vizuri?" Gentille akauliza.

"Mpenzi, nisikilize."

"Nasikia Maman Faida anajua kupika samaki. Na kuzaa mabinti."

"Sikuwaangalia."

"Ulikuwa unacheka, nilikuona."

"Ningelia? Mama wa watu amenishika mkono, ananitia garini, ningefanya nini?"

"Ungetaja jina langu. Si refu."

"Kwetu, Gentille..."

"Kwenu watu hawana majina?"

"Kwetu kijana hawezi..."

"Maman alipika tangu jana. Sombe, samaki, fufu. Ameniuliza mgeni wangu yuko wapi, nikamwambia ameugua. Nimemdanganya Maman siku ya Jumapili, bado nimevaa nguo za kwaya. Darasani unaniambia sema, Gentille, sema. Wewe umeulizwa jambo moja, ukanikana mbele ya Papa." Sauti ikaanza kumkatika, na hakutaka aisikie ikikatika. Akakata simu.

Kalume alipiga tena. Hakupokea. Akapiga kesho yake na siku zilizofuata, na Gentille akawa anaitazama simu ikitetemeka juu ya meza mpaka inyamaze. Wambui, msichana Mkenya waliyekuwa wakifanya naye maabara, alichoka.

"Si u-pick tu, umwambie hutaki kuongea."

"Nikipokea nitaongea."

"Kwa hivyo unam-miss."

"Wambui, shika hiyo chupa vizuri."

Alimkosa mpaka mwilini. Darasani walikaa ng'ambo na ng'ambo kama mwanzo, na mambo yaligeuka kichekesho kisichochekesha: Gentille alisema kila kipindi, kwa hasira, kwa ufasaha, hata mwalimu akamsifu. Kalume sasa ndiye aliyekuwa ananyamaza. Wakati mwingine Gentille alitazama vidole vya Kalume vikizungusha kalamu na kusahau sentensi aliyokuwa ameianza. Kituoni alipanda treni ya kwanza iliyokuja, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwambia asubiri inayofuata, na alifika nyumbani mapema, na mapema ile ilimuuma kuliko kitu chochote. Majira ya kuchipua yalikuwa yamefika kwenye kalenda tu. Nje theluji ilikuwa imekuwa tope jeusi kandokando ya barabara, halafu inaanguka nyingine.

Kisha simu zikakoma.

Wambui akaleta habari bwaloni. "Weekend yote Kalume alikuwa Blaine, kwa ile host family yake. Wale Auntie Susan na Uncle Ken. Ati alikuwa na maneno muhimu."

"Anaaga watu," Gentille akasema.

"Labda."

"Anaenda Texas, anaaga watu. Ni haki yake." Akasukuma sahani yake mbali na kusema kwamba chakula kina chumvi.

Jumamosi mchana, akitoka zamu yake kwenye nyumba ya wazee, amevaa sare ya kazi na viatu vyeupe vilivyochafuka, Gentille aliteremka kwenye basi na kuliona gari kubwa la kijivu limeegeshwa mbele ya nyumba yao. Kiti cha nyuma kulikuwa na mtu. Alikuwa Kalume, amevaa suti, amekaa wima na mikono juu ya magoti, na vioo vimeanza kuingia ukungu wa pumzi yake. Macho yao yakakutana. Gentille akasimama. Alingoja afungue mlango, au ateremshe kioo, au aseme jambo lolote. Kalume alitikisa kichwa kidogo, akanyoosha kidole kuelekea nyumbani, akakirudisha gotini.

Amekuja mpaka mlangoni kwetu, Gentille akawaza, na bado ananinyamazia. Akampa mgongo, akapanda ngazi.

Kizingitini kulikuwa na viatu vya wageni. Sebuleni alikaa mwanamke mnene mwenye gauni la maua na sauti ya kuzoea wodi, na pembeni yake bwana mpole anayegeuzageuza kofia. Papa Janvier alikuwa kwenye kiti chake. Maman alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi, amesahau kwamba anao.

"Kaa hapa, mtoto yangu," Papa akasema. "Hawa watu wanasema habari ambayo mimi siielewi. Maman Susan, rudia, yeye naye asikie."

Auntie Susan akajiweka sawa kwenye kochi.

"Mzee, kama nilivyosema, sisi tumetoka Blaine. Tume-drive polepole kwa sababu ya barafu, na pia kwa sababu ya woga. Tuna kijana wetu. Chuo kilitupatia tumkaribishe tu, tumpikie Thanksgiving, lakini amekuwa mtoto wetu. Huyu kijana alikuja kanisa lenu, akaulizwa nani amemleta, na hakumtaja. Nilipomuuliza mbona, aliniambia amelelewa na nyanya yake, na nyanya yake alimfundisha kwamba kijana hatamki jina la binti mbele ya baba yake kabla wazee hawajatangulia. Akilitamka yeye mwenyewe, amemvunjia binti heshima, na baba pia. Sasa wazee wake wako mbali. Akakuja kwetu akasema, Auntie, mimi sina mwingine huku, nendeni mniombee." Akavuta pumzi. "Kwa hivyo tumetangulia. Jina la binti ni Gentille."

Gentille alihisi uso unamwaka. Alikumbuka neno lile, kwetu, kwetu, na jinsi alivyolikata kila lilipoanza. Alikuwa amemngoja kijana alitamke jina lake kwa upendo, na kijana alikuwa amelimeza kwa upendo ule ule. Wakaumizana hivyo, kila mmoja anafuata adabu ya kwao. Alitaka kulia, na alitaka pia kutoka nje ampige ngumi ya bega.

"Na kijana mwenyewe yuko wapi?" Papa akauliza.

"Yuko kwa gari," Uncle Ken akasema, maneno yake ya kwanza. "Alisema si adabu aingie kabla ya kuitwa. Nilimwachia heater, lakini nadhani ameizima. Ati anaharibu mafuta."

Maman akacheka, akajiziba kwa mwiko. Papa hakucheka. Alimgeukia binti yake, na Gentille aliona kwamba baba yake ameogopa kidogo, jambo ambalo hakuwahi kuliona.

"Gentille. Huyu kijana unamjua?"

Hakukuwa na meza ya darasa wala mtu wa kukosea baada yake. "Ninamjua, Papa," akasema. "Nimemjua tangu baridi ilipokuwa kali. Nilitaka na wewe umjue, ndiyo maana nilimwita kanisani. Yeye hakuwa na kosa, ni mimi nilikosa ujasiri wa kukuambia mwenyewe. Lakini ninaomba kitu. Kwao wazee wametangulia, vizuri, ninawashukuru. Kwetu hapa, aingie aseme kwa mdomo wake. Mimi nahitaji kumsikia."

Papa alimgeukia mgeni mwenye kofia. "Ken," akasema, kana kwamba wamejuana miaka, "mlete, atakufa na baridi."

Kalume aliingia, akavua viatu, na soksi moja ilikuwa na tundu la kidole gumba. Akamwamkia Papa Janvier kwa kuinama, akamwamkia Maman. Meno yalikuwa yanagongana. Alimtazama Auntie Susan kuuliza ruhusa, naye akamwashiria kwa kidevu.

"Mzee," akasema, "ninampenda binti yako Gentille. Mwezi wa tano naondoka. Sikuweza kuondoka na jambo hili tumboni."

Gentille aliinamisha macho kwenye viatu vyake vichafu vya kazi. Alikuwa ameisubiri sauti ile mpaka ikamwingia ndotoni, na sasa imesikika sebuleni kwao, mbele ya televisheni iliyozimwa na kapu la nguo ambazo hazijakunjwa.

"Unaenda wapi?" Papa akauliza.

"Texas, mzee. Kusoma."

"Miaka?"

"Miwili."

"Bon. Huyu bado ana mwaka wake wa mwisho, na baadaye ana unesi. Mtoto yangu hatoki kwenye masomo juu ya mwanaume. Hata mwanaume akiwa na adabu mpaka ya kuganda ndani ya gari." Mdomo wa Papa ulitaka kutabasamu, akaukataza. "Mimi sikukatai. Nyumba hii umeijua, simu yangu nitakupa. Lakini utangoja."

"Nitangoja, mzee."

"Na wewe, Gentille?"

Wote wakamgeukia. Alidhani kijana akishajulikana, maumivu yatapungua. Kumbe yameongezeka, maana sasa atakayeondoka ni mtu wake kweli, mbele ya watu wote, na Texas iko mbali vilevile.

"Nitangoja, Papa," akasema. "Ila nisiulizwe kama nitapenda, kwa sababu sitapenda."

Auntie Susan akatoa leso kwenye mkoba. Maman akasema chakula kinapoa, akaingia jikoni kwa haraka isiyo ya chakula. Kalume aliinua macho na kumtazama Gentille waziwazi, mbele ya baba yake, bila kuiba. Gentille hakugeuza uso. Alitaka kumtazama sana sasa, wakati bado yupo.